Marufuku Kumtania Mama Samweli

Stumai alikuwa na ulimi uliojulikana toka Shelui barabarani mpaka vijiji vya ndani kabisa, na ulimi huo alikuwa nao kihalali. Alizaliwa Nzega, Mnyamwezi kwa baba na kwa mama, akaolewa na Miraji, Mnyiramba wa kijiji ambacho ukisimama mlangoni unasikia malori yakiguna kuupanda mlima Sekenke. Wanyamwezi na Wanyiramba ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo siku aliyoshuka na sanduku lake la nguo, Stumai alishuka pia na ruhusa: ruhusa ya kumtukana mtu yeyote wa upande wa mumewe, na mtu huyo asikasirike, na akikasirika ndiye mwenye makosa. Mwanamke mwingine angeitumia ruhusa hiyo kwa kiasi. Stumai hakuwa mwanamke mwingine.

Alimwambia mchungaji kwamba mahubiri yake yanawafukuza hata njiwa wa paa la kanisa. Alimkamata jogoo wa mwenyekiti mchana kweupe, akampika, akampelekea mwenyewe shingo. Na palipotokea msiba, Stumai alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Alichota maji, alipika, alifagia, alilala chini na wafiwa, na katikati ya kazi yote hiyo akamsema marehemu mpaka watu wakacheka huku wanalia. Hapo ndipo wasiojua hukosea. Wanadhani mtani ni mdomo. Mtani ni mtu wa kuchota maji kwanza, mdomo unafuata.

Basi ulimi huo, uliowashinda wachungaji na wenyeviti, ulifungwa na mtu mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Aliyefunga ni Nathanaeli, mwenyekiti wa kitongoji, yule yule wa jogoo. Na aliyefungiwa ni Evodia, mama Samweli.

Evodia alikuja kijijini na watoto wake wawili na baba yake mzazi, mzee Zefania, wakitokea makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu kule Tabora. Mzee aliikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajadiliana kama ziote au zisiote. Evodia alizaliwa makazini, akaolewa makazini, akafiwa na mume makazini, na alipokwisha kupewa uraia alijiona amechoka kuitwa wa makazini. Akasikia Iramba kuna ardhi inayokubali alizeti. Akafunga mizigo.

Kijiji kiliwapokea, na kiliwapokea hasa, wala sisemi hivi kwa kupamba. Serikali ya kijiji iliwapa kipande cha shamba na nyumba ya mwalimu aliyehama. Wanawake walikwenda kuisiliba upya kabla wageni hawajafika, wakaacha ndani unga, chumvi na kuku mtagaji. Mzee Alute, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Evodia, alifunga ng'ombe wake alfajiri akaenda kuwalimia shamba bila kuombwa, na alipoulizwa akajibu kwamba ng'ombe walikuwa wanakaa bure. Walikuwa hawakai bure. Shamba lake mwenyewe lilikuwa bado.

Lakini kabla ya hayo yote Nathanaeli aliitisha kikao. Alikuwa mtu mwema, mwenye ule wema wa kupanga mambo. Akasema watu wanaokuja wameona mengi, kwa hiyo mtu asiwaulize habari za walikotoka, mtu asiwaite wakimbizi, na zaidi ya yote, hapo akamgeukia Stumai, mtu asiwatanie. Aliyewahi kutishiwa kwa kweli, alisema, atajuaje kwamba tisho lako ni la mchezo? Kikao kikakubali. Stumai naye akakubali, kwa sababu aliona yana maana, na kwa sababu alidhani ni jambo la mwezi mmoja.

Likawa la miaka. Mashamba yao yalipakana, wakapanda pamoja, wakapalilia pamoja, wakapiga alizeti pamoja, wakapendana. Ila yalikuwa mapenzi ya kukaa wima. Stumai akifika kwa Evodia, Evodia anafuta kiti kwa khanga ndipo anamkaribisha. Shikamoo dada. Marahaba, habari za watoto. Siku moja Evodia alimfukuza kuku shamba zima akiwa na viatu vya kanisani, kisigino kimoja kikazama kwenye tuta, akaendelea na mbio kwa kiatu kimoja, na Stumai akasimama pale na maneno matamu ajabu mdomoni, akayameza yote. Akaenda kuyamalizia kwa Miraji, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mzee Alute alifariki mwezi wa tano, alizeti ikiwa imeshainamisha vichwa. Stumai alilia kwanza, tena kwa kweli, jikoni peke yake, maana katika watani wake wote Alute ndiye pekee aliyewahi kumnyamazisha. Kisha akanawa uso, akaenda kwa mjane akaomba koti la marehemu. Mjane alikuwa ameshaliandaa.

Misiba iliyotangulia, Evodia alikuwa akikalishwa ndani na kupewa chai, kwa heshima, na mambo ya makaburini hakuwa ameyaona. Huko makazini walizikana wenyewe kwa wenyewe, kwa nyimbo na kwa kimya. Safari hii alikataa kukaa ndani. Alisema Alute alimlimia, lazima amfikishe.

Akasimama nyuma na wanawake, na kitu cha kwanza alichoona ni Stumai, rafiki yake mwenye adabu, akija kaburini ndani ya koti la marehemu, mgongo umepinda, fimbo mkononi, akikohoa kikohozi cha Alute na kuwafokea ng'ombe wasiokuwepo. Watu wakaanza kucheka. Stumai akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani, akatangaza kwamba hatoki. Huyu mzee, akasema, alikuwa mchoyo, kuku wake walikwenda kujitafutia chakula kwa Waislamu. Mtu aliyewanyima wenzake hata ugoro, leo mnampa shimo zima peke yake? Mjane alicheka ndani ya khanga, mabega yakitikisika. Mchungaji alifunga kitabu akasubiri. Alikuwa mwenyeji, alijua ibada haisogei mpaka mtani aridhike.

Hapo Evodia akapita katikati ya watu kama anayewahi moto. Akamshika Stumai ukosi wa koti, akamvuta kutoka ukingoni, wote wawili wakaanguka kwenye kifusi.

"Mwache," akasema. "Huyu alinilimia kabla sijamwomba. Mwacheni azikwe kama mtu."

Mzee mmoja akapiga makofi akasema leo Mnyamwezi amepata kiboko yake, na umati ukaangua kicheko, kicheko kikubwa cha furaha, kwa sababu walidhani mama Samweli ameingia mchezoni. Walifurahi kweli. Wengine walimpigia vigelegele. Ni Stumai peke yake, uso wake ukiwa karibu na ule wa mwenzake, aliyeyaona macho, na hayakuwa macho ya mchezo. Evodia akaitazama ile midomo yote iliyokuwa inacheka. Akaliachia koti, akajipangusa udongo, akashika njia ya nyumbani.

Stumai alimaliza kazi yake kwa shida siku ile, na usiku hakula. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Evodia na maneno ya kuomba radhi ameyapanga vizuri. Hayakupata nafasi. Evodia alifuta kiti kwa khanga, akasema shikamoo dada, akamimina chai. Akaeleza kwa upole kwamba mjane wa Alute amekuja alfajiri kumfafanulia habari ya utani, na yeye amemwomba mjane msamaha, na yamekwisha. Stumai akasema hapana, mwenye makosa ni yeye. Evodia akasema hakuna mwenye makosa, aongeze sukari?

Stumai akaongeza sukari ambayo hakuitaka. Angepigwa kofi angeshukuru.

Ndipo Evodia, akiwa ameshika birika bado, akauliza jambo alilokuwa amelala nalo. "Nilimuuliza mjane, na mimi mtani wangu ni nani? Akanyamaza. Dada, yule kijana aliyekuja kulinda mnara wa simu alikaa hapa muda mfupi tu, mkamwita Ngongoti kwa urefu wake mpaka siku anaondoka, na siku anaondoka alilia. Mimi nimezeekea hapa. Mnanisalimu, mnanipa, mnanipisha. Mnanitunza kama chombo cha kuazima, mnaogopa nisivunjike kabla hamjanirudisha kwa mwenyewe."

Stumai akamwambia kwamba walikatazwa. Akamweleza habari ya kikao, na Nathanaeli, na kwamba ilikuwa kwa wema.

"Najua ni kwa wema," Evodia akasema. "Ndiyo maana siwezi hata kukasirika."

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuongeza sukari, kwamba akishavuna alizeti atarudi Ulyankulu na baba na watoto. Kule ana hata wagomvi wake. Yuko mwanamke kule hawajasalimiana tangu walipogombania kinu, na huyo mwanamke, akasema, anamjua vizuri kuliko mtu yeyote wa huku.

Stumai alitoka pale, kikombe kimebaki nusu. Alikuwa na watoto wakubwa, mume mwema, na kijiji kizima cha kutukana, lakini rafiki wa kupalilia naye ubavu kwa ubavu alikuwa mmoja, na huyo sasa alikuwa anahesabu vichwa vya alizeti ili aondoke. Akaenda moja kwa moja kwa Nathanaeli.

Nathanaeli alikuwa anashona magunia uani. Stumai akampa vidonge vyake bila maji. Akamwambia kichwa chake kimeumbwa kwa ajili ya kuning'inizia kofia. Akamtaka aiondoe marufuku yake leo hii, kabla jua halijazama. Nathanaeli akaweka sindano chini, akasema taratibu kwamba utani haugawiwi kama mbolea ya ruzuku, watu huzaliwa nao, na hakuna aliyewahi kusikia Mrundi na Mnyiramba ni nani kwa nani. Labda aulize wazee wa kata. Labda kikao, baada ya mavuno. Stumai akamwambia baada ya mavuno Evodia atakuwa ameshahamia Ulyankulu, na kikao hicho atakaa na ungo na magunia.

Hapo Nathanaeli akamweleza kitu ambacho hakuwa amewaeleza kikaoni. Ujanani alikuwa utingo wa lori la Kigoma. Siku moja walikuta watu barabarani waliovuka mpaka usiku, wakawapa maji, na dereva wake, mtu wa utani mwingi, akamwambia mama mmoja kwa kucheka, huyo mtoto wako mzuri, tupe tuondoke naye. Yule mama akapiga magoti kwenye lami. Akawashika miguu akiwasihi, na kila walipomwambia ni mzaha alizidi kusihi.

"Dereva alilia mpaka Kasulu," Nathanaeli akasema. "Tangu siku hiyo naogopa mdomo wa mtu mwenye nia njema."

Stumai alikuwa amekuja na matusi mengine ya akiba, akaondoka nayo. Njiani hakujua tena aliye sahihi ni nani. Akimtania Evodia, atamuumiza. Asipomtania, atampoteza. Miaka yote alijua la kusema kwa mtu yeyote, na sasa alikuwa anapita njia ya mashambani akiyapima maneno moja moja na kuyatupa.

Njia ile ilipita nyuma ya nyumba ya Evodia. Mzee Zefania alikuwa ameketi kwenye kibao, anasokota kamba ya katani kwenye paja. Akamwona, akamwita. Evodia amekwenda kisimani, akasema, lakini mwenye shida nawe leo ni mimi. Stumai akapiga goti la heshima, akasema shikamoo baba. Mzee akaitikia, akamwonyesha gogo la kukalia.

"Nimesikia ulimtukana Alute kaburini. Wewe ulikuwa nani wake?"

Stumai akaeleza, kwa aibu, Mnyamwezi na Mnyiramba, watani. Mzee alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiendelea na kamba.

"Kwetu huyo tunamwita muvyara," akasema. "Mtoto wa shangazi, au wa mjomba. Yeye ndiye mwenye ruhusa. Wangu aliitwa Paskali. Siku tunakimbia, niliacha nyumba nzima nikachukua ungo. Ungo, mwanangu. Sijui nilifikiri nini. Paskali akaniambia njia nzima kwamba wenzetu wanakimbia kifo, mimi nakimbilia kupepeta. Tulikuwa tunatetemeka, na alinichekesha. Yeye hakufika mto wa mpakani."

Akasokota kidogo, akakagua uzi, akaendelea. Tangu hapo, alisema, hakuna aliyemtukana kwa kumpenda. Amehurumiwa. Wazungu wamemhurumia, makanisa, serikali, na sasa watu wa Iramba. Huruma hiyo wameila na wameivaa, wala haidharau. Lakini mtu anayehurumiwa hukaa vizuri kutwa nzima, kama anayepigwa picha, na yeye amekaa hivyo tangu ujana na mgongo unauma.

"Evodia anataka kunirudisha Ulyankulu. Sitabisha, yeye ndiye mwenye nyumba. Ila kabla sijaondoka, nina ombi. Siku yangu ya kuzikwa, mahali popote, ningependa mtu wa kunikalia kaburini kama ulivyomkalia Alute. Na kwa kuwa siku hiyo sitasikia, nionjeshe leo."

Akasimama kwa kujikongoja, akavua koti lake, akampa.

Stumai akalivaa, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Yeye, Stumai wa Nzega. Aligundua jambo lililomtia aibu kuliko yote: hakujua kasoro hata moja ya mzee huyu. Alikuwa amekatazwa kumtania, na mtu usiyemtania humwangalii. Miaka yote hii alimsalimu mzee Zefania, na hakuwahi kumwona.

Basi akamwangalia. Akaona kumbe ana masikio makubwa, tena moja limezidi jingine. Akawaza kwamba hilo koti mzee hulifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, hata jua la Iramba likipasua mawe. Akakumbuka siku walizokula hapo, na ile sala ya chakula ya mzee, na ndani yake kitu kikafunguka kama mlango uliokuwa umevimba.

Alianza kwa sauti ndogo. Jamani, akawaambia waombolezaji wasiokuwepo, hili kaburi limechimbwa vibaya, masikio hayataenea. Mzee akainua kichwa. Stumai akaongeza sauti. Akauliza kama kuna ruhusa ya kuyazika pembeni, kwenye kaburi lao. Mzee Zefania akatoa mlio mdogo wa puani. Basi Stumai akaachia. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatoa macho kama anayenyongwa, akaketi mbele ya ugali wa hewa, akafumba macho, akaanza kushukuru. Akaishukuru Burundi. Akaishukuru Tanzania. Akaishukuru Kigoma, wilaya kwa wilaya, akaishukuru Tabora na stesheni zake za reli, akawashukuru waliotoa mahindi ya njano na waliotoa mablanketi, na kila baada ya mkoa akafungua jicho moja kuutazama ugali, mpaka alipofika Singida ugali umekuwa jiwe na watoto wamelala.

Mzee alikuwa ameshaketi chini. Alikuwa anacheka bila sauti, mkono tumboni, machozi yanamshuka, na kati ya kicheko na kicheko alitaja jina la mtu, na halikuwa la Stumai.

Stumai alipogeuka kumshukuru mbunge, alimwona Evodia amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo kichwani. Hakujua amesimama hapo tangu saa ngapi. Evodia akamtazama baba yake aliye chini anafuta machozi. Akamtazama Stumai ndani ya koti la baba yake. Akaitua ndoo vibaya, ikalala ubavu, maji yakaenda. Akaja.

Stumai alimkumbuka yule mama wa kwenye lami ambaye hakuwahi kumwona. Alitaka kusema ni mzaha, mdogo wangu, ni mzaha, na akajua hilo ndilo neno lisilosaidia kitu. Evodia akamshika ukosi wa koti kwa mikono yote miwili.

"Unakosea," akasema. "Akifika Singida hasemi amina. Anarudi Kigoma, kuna mtu amemsahau."

Mzee Zefania akapiga ukelele wa kicheko uliowafanya kuku watawanyike. Evodia hakuuachia ukosi. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, uso umeharibika kabisa, na maneno yaliyokuwa yamekaa ndani miaka yote yakaanza kutoka bila kupanga foleni.

"Na mlenda wenu siutaki," akasema. "Nimeumeza kwa heshima tangu nifike. Unateleza kama makamasi. Mnaniletea kila msimu, mkavu, mbichi, nasema asante, naenda nyuma ya nyumba nawapa mbuzi, na mbuzi wanautema."

"Ndiyo maana umekonda kama mpini," Stumai akamjibu, naye analia. "Na mistari yako ya alizeti aliipima nani? Nimeipita miaka yote hii nimefumba macho. Mlevi anayetafuta choo huenda kwa kunyooka kuliko mistari hiyo."

"Aliipima baba."

"Mniache nizikwe kwanza," mzee akasema kutoka chini.

Walicheka mpaka wakashikana wasianguke. Kilipopungua kicheko, Stumai akajipangusa kwa mkono wa koti, akauliza lile alilokuwa nalo tangu asubuhi. Aliuliza akiangalia pembeni. "Na Ulyankulu?"

Evodia alimkagua mwenzake toka juu mpaka chini, polepole, kwa jicho la mnunuzi asiyeridhika, akasimama kwenye lile gauni la kitenge lenye tausi ambalo Stumai alilipenda kuliko nguo zake zote.

"Nitaendaje?" akasema. "Watu wote wa hapa wanakuogopa. Wewe ukifa watakuzika kwa adabu."

Stumai hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Lilimwingia, akaliona: kaburi lake mwenyewe, watu wamesimama kimya, mchungaji na shehe wanapishana kwa heshima, hakuna hata mtu mmoja aliyekaa ukingoni kumsema.

"Hilo gauni lako baya," Evodia akasema, "siku hiyo nitalivaa mimi."

"Litakubana."

"Nitalipasua mgongoni. Miraji wako atacheka mpaka asahau kwamba amefiwa."

Stumai akaitikia kwa kichwa. Evodia akaokota ndoo iliyolala, akaikung'uta udongo, akamsukumia kifuani.

"Sasa nenda ukachote maji," akamwambia mkubwa wake kwa umri. "Uliyonifanya niyamwage ni ya kupikia, na nyinyi Wanyamwezi mkikaa tu mnaota mizizi."

Stumai akajitwika ndoo, koti la mzee bado mwilini, akashika njia ya kisimani. Aliokutana nao walimuuliza analia nini, akawaambia wamuulize mama Samweli, yule mwanamke hana adabu.